UZI: Kadi za vita vya Afrika Mashariki 1914–1918. Wapi mchezaji achague, wapi bahati iamue?

#1 Mchanga_Karata

Wadau wa michezo ya vita ya mezani hapa Nairobi, naomba tulichambue fungu hili la kadi kabla halijafika kwa mchapishaji.

Mchezo unaanza Agosti 1914 na kwisha Novemba 1918, miezi 52. Nimeigawa raundi 13 za miezi minne minne. Wachezaji ni wawili, Mwingereza na Mjerumani. Kila mmoja ana fungu la kadi 40 na anashika 6 kila raundi. Kadi ina sehemu mbili: nambari ya nguvu, 1 hadi 4, ya kusogezea vikosi kwenye ramani, na tukio la kihistoria. Ukiicheza kwa nguvu, tukio halitokei na kadi inarudi kwenye zilizotumika. Ukilicheza tukio, kadi inatoka mchezoni.

Nimejaribu njia mbili na zote zina kasoro. Kadi zote 40 zikichanganywa pamoja, historia inavurugika: Jenerali Smuts wa Waingereza, wa mwaka 1916, anafika kabla ya vita vya Tanga vya 1914. Nikimruhusu mchezaji ajichagulie kadi 25 kati ya 40, kila mtu anachukua zile zile, na mchezo wa kumi unafanana na wa kwanza. Nipunguze nini, niongeze nini?

#2 HesabuZaPangani

Anza na hesabu, ndipo utaona kosa lilipo.

Kwenye kadi 40, ukishika 6, kadi moja unayoitaka inakuwa mkononi raundi ya kwanza mara 15 kwa 100. Ukiweka nakala mbili, ni 28. Tatu, 39. Nne, 49. Kwa hiyo kama "Kutua Tanga" ni kadi moja, michezo 85 kati ya 100 haitakuwa na Tanga mwaka 1914. Tena unavuta 6 kila raundi, kwa hiyo fungu linaisha raundi ya 7, yaani Agosti hadi Novemba 1916. Kadi ya Novemba 1914 inaweza kukaa chini ya fungu miaka miwili. Hiyo si bahati ya vita, ni kalenda iliyopotea.

La pili ni nambari za nguvu. Watu huangalia wastani tu, na hapo ndipo fungu zuri huharibika. Linganisha haya mawili, yote ya kadi 40:

Fungu la kwanza: kadi 10 za nguvu 1, 18 za nguvu 2, 10 za nguvu 3, 2 za nguvu 4. Jumla 84, wastani 2.1.
Fungu la pili: kadi 24 za nguvu 1, hakuna za 2, 4 za nguvu 3, 12 za nguvu 4. Jumla 84, wastani 2.1.

Mkono wa kadi 6 kwa yote mawili unategemewa kuwa na nguvu 12.6. Lakini la kwanza linayumba takriban 1.9 juu na chini, la pili 3.1. Kwa la kwanza, mikono mingi itakuwa kati ya 11 na 14, na mchezaji mwenye mkono mbaya bado ana la kufanya. Kwa la pili utapata mikono ya 8 na ya 17 kwenye meza moja, na mwenye 8 hana njia ya kujitetea hata awe hodari vipi. Tuma orodha ya nambari zako, maana ukisema "1 hadi 4" hujatuambia lolote.

#3 MamaRamani

Hesabu ni sahihi, ila kabla ya kugawa nambari jiulize swali moja kwa kila kadi: kamanda wa wakati ule alilijua jambo hili au hakulijua? Alilolijua na kuliamua mwenyewe, mpe mchezaji achague. Alilolijua lakini hakuwa na uwezo nalo, liweke kwenye kalenda. Asilolijua, hilo ndilo la kuchanganya kwenye fungu.

Chukua mvua. Naona wengi huweka kadi ya "Masika" ndani ya fungu, na hilo ni kosa. Masika huja Machi hadi Mei kila mwaka, na kila mtu nchini alilijua hilo. Mwaka 1916 kikosi cha van Deventer, wa upande wa Waingereza, kilikwama Kondoa Irangi kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na njia ya nyuma ikakatika, si kwa sababu mvua ilikuja ghafla. Basi tarehe isiwe ya bahati, ukubwa ndio uwe wa bahati. Kwa raundi zako za miezi minne, nakuona na masika raundi ya 3, 6, 9 na 12 (Aprili hadi Julai). Ziweke alama kwenye ubao wa raundi. Halafu tengeneza kifungu cha pembeni cha kadi 6 tu: nyepesi 1, ya kawaida 3, kubwa 2. Kila masika fungua moja, wala usiirudishe. Ukitumia dadu yenye nafasi moja kwa tatu ya mvua kubwa, karibu mchezo mmoja kati ya mitano hautapata mvua kubwa hata mara moja. Kwa kadi hizi 6 ni mmoja kati ya 15. Bahati ipo, lakini ina kumbukumbu.

Sasa Tanga. Nadhani umeweka kadi ya "Nyuki"?

#4 Mchanga_Karata

Nimeiweka, Mama. Nguvu +3 kwa Mjerumani kwenye pigano moja. Ndiyo kadi ambayo kila mchezaji anaipenda.

Nambari zangu kwa sasa, ndugu Hesabu: 1 mara 16, 2 mara 10, 3 mara 8, 4 mara 6.

#5 MamaRamani

Ipunguze hadi kusimamisha pigano kwa pande zote mbili, basi. Nyuki wa Tanga waling'ata waliokuwa karibu na mizinga ya asali, hawakuuliza ni wa jeshi gani. Kilichoamua Tanga ni kingine: Waingereza walifika tarehe 2 Novemba na watu wapatao 8,000, wakatangaza kuvunjwa kwa makubaliano ya kutoshambulia mji, wakachelewa kushuka, na muda huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaleta kampuni zake za askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Mjerumani alikuwa na watu kama 1,000 tu. Kadi yenye uzito hapo ni "Reli ya Usambara", na hiyo ni uamuzi: ukiitumia Tanga, upande wa Moshi unabaki wazi raundi hiyo. Ukimpa nyuki +3, umemwambia mchezaji kwamba uamuzi ule haukuwa na maana.

#6 Mto_Rufiji

Naongezea la kadi zinazotegemeana, maana hapo mafungu mengi huvunjika bila mwenye kuyatengeneza kujua.

Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa, ikatumika nchi kavu. Ukiweka "Königsberg yazama" na "Mizinga ya Königsberg" kwenye fungu moja lililochanganywa, nusu ya michezo mtoto (kadi ya mizinga) atatangulia mama (kadi ya kuzama), na kadi ya mtoto itakaa mkononi bila kazi. Kwenye mkono wa 6, kadi moja mfu ni sehemu moja kwa sita ya raundi nzima. Dawa yake: kadi ya mtoto isianze ndani ya fungu. Iweke kando, na siku mama akichezwa ichanganye na kadi zilizotumika, ije kwenye mzunguko unaofuata. Hapo Mjerumani anajua mizinga itakuja, hajui itakuja lini. Ndivyo ilivyokuwa: kuopoa mizinga kwenye matope na kuitengenezea magurudumu si kazi ya siku moja.

Na huo mpango wako wa nguvu au tukio kwenye kadi moja ushike sana. We the People ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyofungua aina hii ya michezo, ilikuwa na kadi za nguvu peke yake na za matukio peke yake. Ukipata mkono wa matukio matupu, majenerali wako wanakaa tu. Hannibal ya 1996 iliunganisha viwili kwenye kadi moja, na tangu hapo mkono mbaya haukufungi tena kabisa, unakulazimisha kuuza tukio zuri ili upate mwendo. Uchaguzi mwingi wa kweli unakaa hapo, kwenye kuamua unakosa nini, kuliko kwenye kujipangia fungu.

Paths of Glory, mchezo wa Vita Kuu vya Kwanza, nayo ina jambo la kuiga: Mjerumani anaruhusiwa kuanza akiwa ameshika kadi ya Guns of August, zinazobaki anavuta kwa bahati. Kadi moja ya kuchagua na sita za kubahatisha. Tanga yako ipe ruhusa hiyo hiyo.

#7 HesabuZaPangani

@Mchanga_Karata nimepiga nambari zako. 16, 10, 8 na 6 zinatoa jumla 84, wastani ule ule 2.1, lakini kuyumba ni 2.5. Hamisha kadi 4 kutoka 4 kwenda 3, na 4 kutoka 1 kwenda 2, jumla inabaki 84 na mikono inatulia. Unabaki na 12, 14, 12 na 2.

Sasa muundo. Gawa fungu la Mwingereza kwa vipindi vitatu: A raundi 1–4 (hadi Novemba 1915), B raundi 5–8 (hadi Machi 1917), C raundi 9–13. Smuts, aliyekabidhiwa uongozi Februari 1916, anakaa B, na hawezi kufika kabla ya wakati wake. Tanga anaishika Mwingereza tangu mwanzo, kama alivyosema Mto_Rufiji.

Usifanye A iwe kadi 24 kamili. Raundi nne mara sita ni 24, na kufikia raundi ya nne mwenye kuhesabu kadi anajua mkono wa mwenzake wote. Weka 28, nne zibaki bila kufunguliwa. Kila kadi ina nafasi moja kwa saba ya kutotokea, na hofu inabaki hadi mwisho.

Kuna mtego hapa ambao lazima uujue. Wengi wataka kuongeza uchaguzi kwa kusema "vuta 8, baki na 6, mbili rudisha chini ya fungu". Inasikika vizuri. Fuatilia kadi zenyewe kwenye fungu la 28. Raundi ya 1 unavuta 8, zinabaki 20, unarudisha 2: 22. Raundi ya 2: 16. Raundi ya 3: 10. Hizo 10 ni 4 ambazo hazijaonekana, na chini yake 6 ulizozikataa. Raundi ya 4 unavuta 8: zile 4 mpya na 4 ulizokataa raundi ya kwanza na ya pili. Mwisho zinabaki 4, na zote nne ni kadi ulizozikataa kwa hiari yako. Yaani umeziona kadi zote 28 na umechagua mwenyewe zipi 4 zisichezwe. Bahati imeondoka mezani na hakuna aliyeiona ikiondoka.

Suluhisho: kadi iliyokataliwa itoke mpaka kipindi kiishe, isirudi chini. Na ili fungu lisivimbe, vuta 6, baki na 5. Raundi nne mara 6 ni 24, na 4 za siri, jumla 28 vile vile. Kipindi C kina raundi 5, kwa hiyo 30 na 4, jumla 34. Mwingereza anakuwa na kadi 90. Kukataa kadi moja kila raundi kunauma, kwa sababu haitarudi, na maumivu hayo ndiyo yanayofanya uchaguzi uwe uchaguzi.

#8 Kampuni_ya_14

Mimi bado napenda mchezaji ajenge fungu lake. Mpe pointi 50, kila kadi iwe na bei, anunue. Mjerumani mmoja aende kwa mizinga, mwingine kwa doria za kuvunja reli ya Uganda. Mbona mnakimbia?

#9 Mto_Rufiji

Hatukimbii, ndugu. Mfano upo: A Few Acres of Snow ya 2011, vita vya Wafaransa na Waingereza Amerika Kaskazini, mchezo wa kujenga fungu ukiendelea kucheza. Wachezaji waligundua kwamba Mwingereza akikataa karibu kila kitu, akabaki na fungu dogo la kadi za kijeshi, akasukuma mapema kuelekea Quebec, Mfaransa hana jibu. Mbinu hiyo ikapewa jina Halifax Hammer na sheria zikabidi zirekebishwe. Kisa chake ni rahisi: kila kadi dhaifu unayoikwepa inafanya nzuri zirudi mkononi haraka zaidi. Ukiwa na nakala 3 kwenye kadi 40, unaipata mkononi mara 39 kwa 100. Kwenye kadi 24, mara 60. Bei ya pointi haigusi jambo hilo, kwa sababu faida haitokani na ulichonunua bali na usichonunua.

Ukitaka ununuzi, weka mambo mawili: idadi ya chini ya kadi, na uzito wa lazima. Kwenye vita hivi uzito upo tayari, nao ni wapagazi. Kila wilaya ambayo Mwingereza anaiteka mbali na reli iingize kadi ya "Wapagazi" ya nguvu 1 kwenye fungu lake, isiyoweza kukataliwa. Anavyozidi kwenda kusini ndivyo fungu linavyojaa mizigo. Sisi tunaopita Kariokor kila siku tunajua jina hilo limetoka kwenye Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mchezo unaoruhusu jeshi la Smuts lifike Rufiji bila wao kuonekana kwenye kadi umeacha kitu kikubwa nje.

#10 MamaRamani

Na Mjerumani afanyiwe kinyume. Asiwe na vipindi, awe na fungu moja linalopungua. Baada ya pigano la Jassin, Januari 1915, Lettow-Vorbeck aliona kwamba kwa risasi alizotumia hapo, kama 200,000, hawezi kumudu mapigano mengi ya aina hiyo. Basi kila pigano kubwa limtoe kadi moja kabisa.

Lakini angalia inatolewa vipi. Tuseme fungu lake ni kadi 30: 12 za nguvu 1, 12 za nguvu 2, 6 za nguvu 3. Jumla 54, wastani 1.8. Akipoteza 6 na wewe umemwachia achague, atatoa sita za nguvu 1: zinabaki kadi 24 zenye jumla 48, wastani 2. Umemwadhibu na ametoka na nguvu zaidi! Ukitoa ya juu kwenye fungu bila kuangalia, wastani unategemewa kubaki 1.8. Ukizitia alama ya risasi zile za nguvu 3 na kusema hizo tu ndizo zitoke, anashuka hadi 1.5, na huo ni ukali kupita kiasi.

Ninavyoona mimi: tia alama ya risasi kadi 12, sita za nguvu 3 na sita za nguvu 2. Pigano kubwa likiisha, achague moja ya alama hiyo kutoka mkononi. Asipokuwa nayo, anatoa ya juu ya fungu bila kuiona. Anachagua pale ambapo amejiandaa, anabahatishiwa pale ambapo hakujiandaa. Meli mbili za Wajerumani zilizopenya vizuizi vya baharini, Rubens ya Aprili 1915 na Marie ya Machi 1916, kila moja imrudishie kadi mbili za risasi zilizotoka. Hizo meli ziwe kwenye kalenda, raundi ya 3 na ya 5. Kama shehena inaokolewa yote au nusu, hapo fungua kadi.

#11 Kampuni_ya_14

Hiyo ya risasi imenishika. Nimeondoa hoja ya pointi kwa Mjerumani. Ila Mwingereza naye, asipewe hata nafasi ya kuchagua kadi tatu za kuanzia kipindi B? Smuts aliingia na mpango wa kuuzunguka Kilimanjaro, hakukurupuka.

#12 MamaRamani

Tatu ni nyingi. Mpe moja, kama ile ya Tanga.

#13 Fundi_wa_Nyama_ya_Karatasi

Kabla hamjachapisha, mambo ya mikono, kwa sababu fungu lililopimwa vizuri linaweza kuharibiwa na mkasi.

Kadi ya milimita 63 kwa 88 zinaingia tisa kwenye A4. Tumia karatasi ngumu ya gramu 300. Maduka ya River Road yatakuchapia pande mbili, lakini mgongo mara nyingi husogea milimita moja au mbili, na kadi zilizotoka pembeni ya karatasi zitatambulika zikiwa zimefunikwa. Mwenye macho atajua Königsberg iko wapi. Basi ama uchore mgongo wenye nakshi inayojaza hadi nje ya mstari wa kukata, bila fremu, ama uache mgongo mtupu na uvishe kadi mifuko ya plastiki yenye mgongo mweusi. Kwa nakala ya majaribio, karatasi ya kawaida ya gramu 80 mbele ya karata ya zamani ndani ya mfuko inatosha. Mashine ya kukatia usiipe karatasi zaidi ya nne kwa mpigo. Rundo nene linavuta wembe na kadi za chini zinatoka ndefu.

Kuchanga nako. Kadi zilizotumika hukaa kwa makundi: wapagazi na wapagazi, mapigano na mapigano. Kuzigawa kwenye mafungu matano na kuyarundika hakuchanganyi, kunapanga upya tu. Bayer na Diaconis walionyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinahitaji kupishanishwa kama mara saba. Kwa fungu la 28 au 30, fanya sita au saba vile vile, ni nusu dakika.

#14 Mchanga_Karata

Nimepanga upya. Mwingereza 90 kwa vipindi vitatu, vuta 6 baki na 5, kadi moja ya hiari mwanzo wa A na wa B. Mjerumani 30, mkono wa 5, na 6 za pembeni za mizinga na shehena. Jumla 126, karatasi 14 kamili. Mvua, na nyongeza za wapagazi, nitazikata kwenye karatasi ya 15. Nyuki anasimamisha pigano, basi.

Nitajua vipi kama nimefaulu bila kucheza michezo hamsini?

#15 HesabuZaPangani

Gawa mikono 20 ya Mwingereza kutoka fungu A, ukichanga upya kila mara. Kwa kila mkono andika mambo matatu: jumla ya nguvu, idadi ya matukio yasiyoweza kuchezwa raundi hiyo, na kadi ambayo ungeikataa. Ukipata kadi mbili mfu kwenye mikono zaidi ya mitatu, kuna mtoto aliyebaki ndani ya fungu bila mama yake. Na kama kadi ile ile inakataliwa kila inapotokea, iongezee nguvu 1 au ibadilishe tukio. Kadi ambayo haikataliwi kamwe nayo ishushe.

Halafu mpe Kampuni_ya_14 upande wa Mjerumani, mwambie asipigane hata pigano moja kubwa mpaka 1917, alinde risasi zote. Akishinda michezo mitatu mfululizo kwa njia hiyo, wilaya zinampa Mwingereza pointi chache mno, na kosa litakuwa kwenye ramani, si kwenye kadi.